Kipande cha Tano

Pale hospitalini walimwita Bi Tena, na hawakumpa jina hilo kwa kumbembeleza. Alilipata mwaka wake wa pili kazini, kwa sababu kila alichokiangalia alikiangalia tena. Namba ya chupa aliisoma kwa sauti, akaiandika, kisha akarudi kuisoma. Akifunga mlango wa maabara alitembea hatua kama kumi, akageuka, akajaribu kitasa. Nyumbani mumewe, fundi seremala, alimsubiri nje ya mlango kila asubuhi huku akimhesabia kwa vidole: jiko, dirisha, bomba, halafu jiko mara ya pili.

"Mke wangu," alimwambia siku moja, "hata tungekuwa hatuna jiko, ungerudi ndani kuhakikisha kwamba hatuna."

Alicheka, lakini alirudi. Roho yake ilikuwa juu juu tangu utotoni, na kwa miaka ishirini na sita wasiwasi huo ndio uliomfaa kazini.

Alikuwa fundi wa maabara ya tishu. Mama mkwe wake, aliposikia neno tishu, alielewa karatasi laini za kufutia pua, na kwa miaka miwili mizima aliwalalamikia majirani kwamba mkwe wake anafanya kazi kiwandani na hajawahi kumletea hata pakiti moja. Alipokuja kuelezwa ukweli akasema, "Basi bora usilete."

Tishu alizoshughulika nazo Bi Tena zilitoka ndani ya watu. Daktari akimkata mgonjwa kinyama kidogo ili ugonjwa ujulikane, kinyama hicho hufika maabara ndani ya chupa yenye formalini, dawa ya kukizuia kisioze. Hapo kinaondolewa maji, kinanyweshwa nta ya moto, kinagandishwa kwenye kijitofali cha nta. Kijitofali kinafungwa kwenye mashine yenye wembe, fundi anazungusha gurudumu, na kila mzunguko unatoa utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Tando hizo hutoka zimeshikana kama utepe. Fundi anaulaza utepe juu ya maji ya uvuguvugu ndani ya beseni ili ukunjuke, anauzoa kwa kioo, anautia rangi, ndipo daktari wa patholojia anautazama kwa hadubini na kuandika jibu. Jibu hilo ndilo linaloamua kama mtu atarudi nyumbani na vidonge au atapelekwa kwenye kisu.

Ni kazi yenye hatari za kimyakimya. Wembe wa mashine unaweza kukukata kidole usijue mpaka uone damu kwenye nta. Formalini inauma macho na koo. Zailini, dawa ya kuondolea nta, inalewesha kichwa. Kwa sababu hiyo ukutani palikuwa na feni kubwa ya kuvuta hewa chafu na kuitoa nje, na feni hiyo ilikuwa imekufa miezi minne. Bi Tena alikuwa ameandika barua tatu, na mara zote tatu alijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Walifungua madirisha, wakavaa barakoa mbili mbili, na aliyezidiwa alikwenda dirishani, akatoa kichwa nje, akavuta pumzi, akarudi mezani.

Na ipo hatari ya upande wa mgonjwa. Chembe ya nyama ya mtu mmoja ikibaki kwenye kibano, kwenye wembe au juu ya yale maji ya beseni, inaweza kunata kwenye kioo cha mtu mwingine. Ndiyo maana baada ya kila kijitofali fundi huchukua karatasi laini na kupangusa uso wa maji, hata kama maji yanaonekana hayana kitu. Bi Tena alikuwa amepangusa maji hayo maelfu ya mara.

Sasa siku moja ya Jumatano, kama saa tatu na nusu asubuhi, alikuwa akipanga vioo vya wiki iliyopita kwenye droo za kuhifadhia. Mapema asubuhi ile chumba cha upasuaji kilikuwa kimetuma orodha ya viungo vitakavyoletwa maabara siku hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaandaa vyombo. Kimojawapo kilikuwa ndoo ndogo yenye mfuniko. Aliijaza formalini hadi nusu, akabandika karatasi: titi la kushoto, mwanamke, miaka thelathini na minne, pamoja na namba ya mgonjwa.

Kioo alichokishika sasa kilikuwa na namba ile ile.

Hilo peke yake halikuwa ajabu. Mwanamke alitolewa nyama kwa sindano, jibu likatoka saratani, sasa anakatwa. Lakini Bi Tena hakuwa mtu wa kuweka kioo kwenye droo bila kufungua kitabu cha kumbukumbu za maabara. Kitabu kilisema hivi, kwa mwandiko wake mwenyewe: vipande vinne, vyembamba kama uzi. Akakiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi nne zilikuwepo, zimelala sambamba, rangi ya waridi iliyofifia. Na pembeni, karibu na ukingo, palikuwa na kipande cha tano, kidogo kama punje ya ufuta, chenye rangi ya zambarau iliyokolea.



Alikiweka kioo chini ya hadubini ndogo ya mafundi. Yeye hakuwa daktari, lakini miaka ishirini na sita si mchezo. Zile nyuzi nne zilikuwa tulivu, seli zake zimejipanga kwa nafasi. Ile punje ilikuwa fujo tupu, seli nyeusi zimebanana zikikanyagana. Akafunua ukurasa kuangalia ni mgonjwa gani aliyetangulia kwenye mashine siku kioo hiki kilipotengenezwa. Alikuwa bibi wa miaka sabini, aliyekwisha kutolewa uvimbe mkubwa wa saratani.

Siku ile ilikuwa Jumatatu. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu joto lilikuwa kali na mvuke wa dawa ulijaa chumbani mpaka machozi yakamchuruzika ndani ya miwani. Alipomaliza kijitofali cha yule bibi alikwenda dirishani akakaa huko muda. Akarudi, akachukua kijitofali kilichofuata. Je, kabla ya hapo alipangusa maji? Alifumba macho ajaribu kujiona. Alijiona akipangusa, lakini hakujua kama mkono aliouona ulikuwa wa Jumatatu ile au wa siku nyingine yoyote kati ya maelfu.

Alimgeukia mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mcheshi waliyemwita Mama Mapacha.

"Hebu njoo uone hapa."

Mama Mapacha aliinama, akaangalia, akainuka. "Naona saratani. Si ndivyo alivyoandika Daktari?"

"Kitabu kinasema vinne. Hapa vipo vitano."

"Bi Tena, leo tena? Juzi umetuhesabisha chupa zote sabini kwa sababu ya kifuniko cha kalamu. Kipande kimevunjika, basi. Daktari amesoma, amesaini."

"Ikiwa hakikuvunjika?"

Macho ya Mama Mapacha yalikwenda kwenye ile ndoo yenye karatasi, na uso ukambadilika.

Bi Tena alimpigia simu Daktari wa patholojia. Simu ilikuwa imezimwa. Akampigia karani wake, akaambiwa Daktari yuko chuoni anasimamia mitihani ya wanafunzi, na humo simu haziruhusiwi. "Mtume mtu amwite," alisema. "Mwambie ni mimi, na mwambie leo si kifuniko cha kalamu." Kisha akapiga chumba cha upasuaji.

"Mgonjwa wa tatu kwenye orodha," alisema, "naomba asiguswe kwanza. Jibu lake lina mashaka."

"Anayesema ni daktari gani?" aliuliza sista upande wa pili.

"Si daktari. Ni fundi wa maabara ya tishu."

"Dada yangu, siwezi kusimamisha mgonjwa kwa maneno ya simu. Leta barua ya daktari."

Simu ikakatwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi, na mgonjwa wa tatu kwa kawaida huingia kwenye saa tano. Bi Tena alisimama na kioo mkononi. Maisha yake yote alikuwa ameishi na sauti ile inayomwambia rudi, angalia, huenda umekosea, na karibu kila mara sauti hiyo ilikuwa imemdanganya: jiko lilikuwa limezimwa, mlango ulikuwa umefungwa. Akienda sasa akakuta ni yale yale, atakuwa amemnyang'anya mgonjwa wa saratani siku yake ya upasuaji, na mbele ya hospitali nzima. Na asipokwenda?

Alikichukua kitabu kwapani, akakifunga kioo ndani ya leso, akatoka mbio.

Mwanamke wa miaka hamsini na mbili hakimbii hospitalini bila watu kugeuka. Alipita korido ya wagonjwa wa nje, akapanda ngazi ghorofa mbili akishika ukuta. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji palikuwa na mstari mwekundu sakafuni, na mwenye viatu vya nje haruhusiwi kuuvuka. Alisimama vidole vya miguu vikigusa mstari.

"Namtaka daktari wa upasuaji," alimwambia sista. "Nitasimama hapa mpaka atoke."

Wakati akisubiri alimwona. Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeegeshwa ukutani, na juu yake mwanamke mwenye kofia ya plastiki kichwani, shuka mpaka kidevuni. Begani alichorwa mshale wa wino ukielekeza chini, upande wa kushoto. Alikuwa akitazama dari huku midomo ikimchezacheza. Macho yao yalikutana, na yule mwanamke akauliza kwa sauti ya unyenyekevu, "Dada, ndiyo zamu yangu?"

Bi Tena alitikisa kichwa.

Daktari wa upasuaji, mama mrefu mwenye maneno machache, alitoka baada ya kumaliza mgonjwa wa pili, barakoa ikining'inia shingoni. Bi Tena alimweleza haraka haraka, akafungua kitabu, akafungua leso.

"Una uhakika kwamba saratani hii si yake?"

"Sina, daktari. Ningekuwa na uhakika nisingetetemeka hivi."

"Daktari wenu anasemaje?"

"Bado simpati."

"Kwa hiyo unataka nimwache mgonjwa ambaye hajala tangu jana, na ambaye nimemshawishi siku nzima mpaka akakubali. Kwa neno lako peke yako."

"Ndiyo," alisema Bi Tena. "Nipe muda nikate upya kile kijitofali. Nikiwa nimekosea, nifukuzeni. Lakini titi likishatoka, mimi na wewe hatuwezi kulirudisha."

Yule mama alimtazama, akamtazama na mgonjwa kule ukutani, akashusha pumzi. "Nina mtu wa ngiri, namtanguliza yeye. Una mpaka saa saba. Saa saba ikipita sijasikia kitu kutoka kwenu, naendelea na orodha yangu."

Kurudi ngazini hakukumbuka. Alipoingia maabara alimkuta Mama Mapacha ameshatoa kijitofali droo ya nyuma na kukilaza kwenye barafu nta ikaze. Hakuna aliyetania. Walimwaga maji ya beseni, wakalisugua, wakajaza mapya. Walifuta mashine pande zote, wakabadilisha brashi, vibano na glavu. Kwenye meza hawakuacha kitu cha mgonjwa mwingine yeyote.

Bi Tena alipeleka mkono kubadilisha wembe.

"Gurudumu!" Mama Mapacha alipiga kelele. "Funga gurudumu kwanza!"

Mkono ulibaki hewani, kidole cha shahada karibu kugusa makali. Alikuwa amesahau kitu anachomfundisha kila mgeni siku ya kwanza, kwamba mashine ifungwe kabla mkono haujasogea. Alirudi nyuma hatua moja, akashusha mikono, akavuta pumzi mara tatu. Kisha akafunga gurudumu, akaweka wembe mpya, akaanza.

Alikata tando za juu, akazizoa kwa kioo cha kwanza. Akapangusa maji, Mama Mapacha akishuhudia na kusema kwa sauti, "Amepangusa." Akakata ndani zaidi, kioo cha pili. "Amepangusa." Akazama ndani tena, kioo cha tatu. Aliviinua vyote kwenye mwanga, lakini tando ambazo hazijatiwa rangi ni kama ukungu kwenye dirisha, na kila alipokodoa macho aliona vinne, kisha akadhani anaona vitano. Vioo vikaingia kwenye oveni vikauke. Sasa hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kumemshinda tangu azaliwe. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani. Alisoma upya namba ya kijitofali mara nne. Ilikuwa sahihi mara zote nne.

Daktari wa patholojia aliingia saa sita kasoro robo, tai imempinda, jasho usoni. Alikuwa mzee mpole, lakini siku ile upole haukuonekana.

"Naambiwa umesimamisha upasuaji."

Bi Tena hakubishana. Alimpa kioo cha zamani na kitabu kikiwa wazi. Daktari aliketi kwenye hadubini yake kubwa, akatazama, akasogeza kioo, akatazama tena.

"Uzi unaweza kukatika ncha," alisema bila kuinua kichwa.

"Unaweza."

"Na saratani inaweza kuwa kwenye ncha hiyo peke yake."

"Inaweza, Daktari. Ndiyo maana nimekata upya."

Vioo vilipitishwa kwenye rangi, kimoja baada ya kingine, huku Mama Mapacha akisimamia dakika. Saa sita na nusu vilikuwa tayari. Bi Tena alivibeba kwenye trei kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto, akaviweka mezani kwa Daktari, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

Kioo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu Daktari alikikalia muda mrefu. Kisha Daktari akaomba kioo cha yule bibi wa miaka sabini. Akakiweka, akakitoa, akaweka cha zamani cha yule mwanamke, akakitoa. Akavua miwani.

"Nyuzi nne," alisema. "Juu, katikati, na chini, ni nyuzi nne tu, na zote ni uvimbe wa kawaida usio na saratani. Kile cha tano ni cha bibi. Kilielea kwenye maji."

Daktari alijifuta uso kwa kiganja. "Na mimi sikuhesabu," akaongeza kwa sauti ndogo. "Kitabu kilikuwa hapa hapa mezani. Sikukifungua."

Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu chumba cha upasuaji. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na mbili.

Ungetarajia Bi Tena ashukuru na kupumua. Alikaa sakafuni, lakini kifua hakikufunguka. Ndani yake hesabu nyingine ilikuwa imeanza: ni wangapi wengine? Ni mara ngapi aliwahi kwenda dirishani na kurudi?

Mkuu wa maabara, mtu wa suti na mafaili, alishauri mgonjwa aambiwe tu kwamba majibu yamefanyiwa marekebisho. Daktari alikataa, na Bi Tena akasema anataka awepo. Basi walikwenda wodini watatu, Daktari, mama wa upasuaji na yeye. Mgonjwa alikuwa amekaa kitandani, kofia ya plastiki bado kichwani, na pembeni yake dada yake mkubwa ameshika kikombe cha chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Daktari alieleza kwa maneno mepesi. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakuruka kwa furaha.

"Siku sita," alisema. "Mimi ni mwalimu wa chekechea. Siku sita sijalala. Nimemfundisha binti yangu kufua sare zake, ili asije akapata shida nisipokuwepo. Ana miaka saba."



"Ni nani aliyechanganya?"

"Ni mimi," alisema Bi Tena. "Kipande cha mtu mwingine kilibaki kwenye maji yangu. Nakuomba radhi. Najua haitoshi."

Dada mtu aliinuka kwa hasira, kikombe kikamwagika, lakini mwalimu alimshika mkono akamketisha. Alimkazia macho Bi Tena.

"Na leo mnajuaje kwamba hamjakosea tena?"

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo alilokuwa akijiuliza mwenyewe tangu asubuhi. Daktari alianza kueleza habari za kina cha kijitofali na vioo vitatu. Bi Tena alimgusa kiwiko.

"Una haki ya kutotuamini," alimwambia mwalimu. "Utolewe kipande kingine, na kisisomwe kwetu. Kipelekwe hospitali nyingine kabisa."

Mama wa upasuaji aliitikia kwa kichwa. Ikawa hivyo.

Jibu la huko lilichukua siku kumi. Siku hizo Bi Tena alikuwa mtu wa kuangaliwa. Chakula hakikupita. Alirudi kukagua jiko mara tatu, mara nne, akifika kituoni anarudi tena, akachelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Mumewe aliacha utani. Asubuhi ya siku ya tano alitangulia yeye mwenyewe jikoni, akazima mtungi wa gesi, akafunga dirisha na bomba, akatoka akamshika mkewe mkono. "Nimeangalia mimi," alisema. "Twende." Walitembea pamoja mpaka lango la hospitali, kitu ambacho hawakuwa wamekifanya tangu walipooana.

"Na ikirudi saratani?" aliuliza njiani.

"Basi atakuwa amecheleweshwa siku kumi, si miaka kumi. Na ikirudi safi, utakuwa umemwokoa."

"Sijamwokoa. Mimi ndiye niliyemsukuma, halafu nikamdaka."

Mumewe alifikiri. "Wengine wanasukuma, halafu wanaondoka zao," alisema.

Siku ya kumi simu ya maabara ililia mchana. Mama wa upasuaji alisema neno moja, "Safi," kisha akaongeza, "nimeshamwambia mwenyewe." Bi Tena aliweka simu chini, akakaa juu ya katoni la glavu, akalia mpaka Mama Mapacha akaja kumfunika kwa koti lake.

Ilibaki taarifa ya tukio. Bi Tena aliandika kurasa mbili. Sentensi ya kwanza ilikuwa: sikumbuki kama nilipangusa maji, kwa hiyo nachukulia kwamba sikupangusa. Chini zaidi aliandika kuhusu feni, mvuke, na zile barua tatu pamoja na tarehe zake. Mkuu alimwita ofisini.

"Hili la feni liondoe. Linaonekana kama kujitetea."

"Sijitetei, bosi. Kosa langu nimelitanguliza. Lakini kesho akikaa mwenzangu pale, macho yakamwaga machozi, naye atakosea. Na huenda huyo hataona kipande cha tano."

"Nimesema liondoe."

Alirudi mezani, akaiandika taarifa upya yote kwa mkono, na la feni akaliacha palepale lilipokuwa. Daktari alisaini chini yake, na yeye akaongeza mstari wake kuhusu kitabu ambacho hakukifungua. Bi Tena alipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye mashine ya kukatia kwa mwezi mmoja. Mafundi wa feni walifika ndani ya siku nane, wakakuta ni mota tu iliyoungua. Tangu hapo ikawekwa kanuni kwamba kioo hakiendi kwa daktari mpaka watu wawili wahesabu vipande na kulinganisha na kitabu, na wote wawili waweke sahihi.

Mwezi ule alishinda akiosha vyombo na kuandika lebo. Vijitofali vyote vya Jumatatu ile, vya kabla na vya baada, vilitolewa na vioo vyake kuhesabiwa upya. Havikuwa na mgeni. Aliambiwa hilo mara mbili, na akaomba kuona orodha kwa macho yake. Siku aliyorudi kwenye mashine aliharibu tepe tatu, akazitupa, akaanza upya. Feni ilikuwa ikinguruma juu yake na chumba hakikunuka.

Miezi mitatu baadaye mwalimu alikuja hospitalini kupimwa, kisha akashuka mpaka maabara, akasimama mlangoni. Bi Tena alimtambua papo hapo. Akaweka kibano chini.

"Nataka kuona mnapofanyia," alisema mwalimu.

Bi Tena alimpa koti, barakoa na glavu, akamweleza asiguse kitu wala asiegemee meza. Alimwonyesha beseni, wembe, gurudumu na kufuli yake. Mwalimu aliuliza maswali mafupi na kutaka kujua maana ya kila kitu. Mwishoni akaomba kuona kijitofali chake. Bi Tena alikitoa kwenye droo, akamwekea kiganjani. Kilikuwa kidogo kuliko kiberiti.

Mwalimu alikigeuza huku na huku. "Kumbe ni kadogo hivi," alisema.

"Ndivyo vilivyo."

"Mtakaa nacho mpaka lini?"

"Hapa kwetu tunavihifadhi miaka kumi."

Mwalimu alimrudishia. Alivua glavu, akauliza zinatupwa wapi, akaonyeshwa pipa. Mlangoni alisimama kidogo.

"Sijakusamehe," alisema. "Huenda ikaja. Lakini hicho kiweke vizuri."

"Nitakiweka," alisema Bi Tena.

Mwalimu alipoondoka, Bi Tena alifungua kitabu, akalinganisha namba, akakirudisha kijitofali mahali pake. Kwenye barafu vilikuwa vimebaki vijitofali sita vya kukatwa kabla ya mchana. Alivaa glavu mpya na kumwita Mama Mapacha waanze.